Mashine Tatu Zilizomzeesha Dada Yangu

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Muziki wa Nyumbani",

KUHUSU: USHAURI WENU WA KUCHAGUA MASHINE YA KUNYOOSHA NYIMBO MTANDAONI, NA MADHARA YAKE KWA UKOO WETU, KITUO CHA MABASI NA ABIRIA WASIO NA HATIA

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia nikiwa kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, kwa hiyo ukiona uzi umenasa kwenye karatasi usianze kuutafsiri, ni uzi tu.

Mimi ni fundi wa mapazia. Chumba changu cha kazi kimejaa vitambaa vizito kuanzia sakafuni hadi darini, na sauti ikiingia humo haipati pa kudunda. Ndiyo maana bendi yetu ya familia hurekodi humo humo, cherehani zikiwa zimesukumwa pembeni. Bendi inaitwa Pazia Zito. Dada yangu, aliyenizidi umri, akili na maneno, ndiye mwimbaji. Mume wake, yaani shemeji yangu, anafundisha watu kuendesha magari na kwetu anapiga ngoma. Mjomba wetu alikuwa fundi saa, sasa amestaafu, anapiga besi. Mke wangu anauza dawa kwenye duka la dawa na ndiye mpiga kinanda. Gitaa ni langu, na wanaojua gitaa wanasema silipigi vibaya.

Lazima nikueleze kidogo kuhusu Dada, maana bila hivyo hutaelewa ukubwa wa dhambi yenu. Kazi yake ni kutangaza mabasi kwenye kituo kikuu. Sauti yake ikitoka kwenye vile vipaza vya juu ya paa, hata mtu anayegombana na mkewe hunyamaza kwanza asikie basi lake, halafu ndipo aendelee. Kuna watu hapa mjini hawajawahi kumwona sura lakini wakimsikia sokoni akiuliza nyanya, hushika mizigo yao na kutaka kupanga foleni. Sauti ndiyo mkate wake na ndiyo jina lake.

Wimbo tuliorekodi ni wake. Ameutunga kwa yale anayoyaona kila siku kupitia kioo cha chumba chake cha matangazo: watu waliokuja kusindikiza, basi likishaondoka, wanabaki wamesimama hawajui mikono waiweke wapi. Unaitwa "Kiti cha Dirishani". Siku tuliyomaliza kuurekodi, Mjomba alivua miwani akaifuta, na Mjomba si mtu wa kufuta miwani ovyo.

Hapo ndipo toleo lenu lilipoingia nyumbani kwangu kama mgeni mwema. Mliandika kwamba wimbo ukisharekodiwa na kuchanganywa bado unahitaji mastaring, ile kazi ya mwisho ya kuunyoosha ili usikike vizuri kila mahali. Kazi hiyo nikaielewa papo hapo, maana hata pazia likishashonwa lazima lipigwe pasi kabla ya kutundikwa. Mkasema siku hizi mtu wa nyumbani hahitaji kwenda studio kubwa. Kuna huduma za mtandaoni, unatuma wimbo, mashine inaupiga pasi yenyewe, unaletewa. Mkashauri tujaribu huduma tatu, tusikilize matokeo kwenye spika tofauti, tuwaulize watu wa nyumbani, halafu tuchague. Nilikata ukurasa huo nikaubana kwa pini juu ya cherehani.

Nilifuata maagizo yenu kwa uaminifu wa fundi. Nilifanya kama ninavyofanya na kitambaa cha mteja kinachokwenda kwa mtia rangi: nikatoa nakala tatu za wimbo, kila moja nikaipa jina la inakokwenda, ili mashine zisije zikagombania kitu kimoja. Nikazituma, familia ikiwa imenizunguka. Chai haijapoa, ujumbe ukaingia kutoka kote kutatu kwamba kazi imekamilika. Nikaingia kwenye simu, nikazikuta nakala zangu tatu zimekaa kwa utaratibu, Ya Kwanza, Ya Pili na Ya Tatu, nikaita familia irudi kusikiliza. Tangu hapo, Ndugu Mhariri, hatujaonja amani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlisema tusikilize kwenye spika tofauti. Sawa. Ya Kwanza tuliisikiliza hapa karakana, kwenye spika zangu kubwa. Ya Pili tuliisikilizia jikoni, kwenye ile redio ndogo ya mke wangu. Kwa Ya Tatu, shemeji akasema spika za kweli ziko kwenye gari lake la kufundishia. Mlijua, Mhariri, kwamba shemeji alikuwa na mwanafunzi siku hiyo? Hamkujua, na hamkuuliza. Tulijibana nyuma watatu, mimi, mke wangu na Mjomba, naye mwanafunzi, mama mmoja mpole sana, akiwa kwenye usukani kwa mara yake ya kwanza barabarani. Kila shemeji alipoinua mkono kufuata ngoma, yule mama alidhani ameambiwa afunge breki. Tukafika kwenye mzunguko wa barabara wimbo ukiwa katikati, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuukatiza, tukazunguka na kuzunguka mpaka ukaisha. Askari wa barabarani alitupigia saluti kwa kukata tamaa. Mama wa watu amehamia shule nyingine ya udereva, na huko nasikia anasifiwa kwa jinsi anavyojua kuzunguka.

2. Mlisema tuwaulize watu wa nyumbani. Jamani! Nyumba yetu ina watu wenye maoni hata kuhusu maji ya kunywa. Shemeji akasema bila kupepesa macho kwamba Ya Kwanza ndiyo yenyewe, kwa sababu ngoma inasikika kama ngoma. Mke wangu akachagua Ya Pili, kwa sababu humo kinanda kimekaa mbele kwa adabu na hakuna anayekifunika. Mjomba akaapa kwamba asiyechagua Ya Tatu ana kutu masikioni, maana ndani ya lile gari besi ilimpiga mgongoni mpaka ikamnyoosha. Mimi ambaye sina upendeleo niliona tu, kama mtaalamu, kwamba kwenye Ya Kwanza gitaa linang'aa kwa namna ya kipekee. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mjomba hakuishia hapo. Alidai kwamba ile mashine ya pili imeiba besi yake yote, haikubakiza hata harufu, na anataka kujua imeipeleka wapi. Anaamini sasa hivi kuna wimbo wa mtu mwingine huko duniani unatembea na besi yake. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta kijiwe kilichopotea ndani ya saa ya mkono hawezi kuambiwa aache kutafuta. Amefungua redio ya jikoni kwa bisibisi kuangalia kama besi imekwama humo. Imebidi mke wangu asikilize taarifa ya habari kwa jirani.

3. Hizo mashine zenu hazina mdomo wa kukataa. Ya kwanza haikuuliza lolote, ilimeza wimbo kama mtu aliyechelewa kazini. Ya pili ilitaka tuipe wimbo wa mfano, eti tunataka wetu ufanane na upi. Mjomba akatoa wimbo wa gwaride. Mke wangu akatoa wimbo wa kubembelezea mtoto. Nikatuma wa gwaride ili amani iwepo, na mashine ikajibu, "Chaguo zuri!" Ndugu Mhariri, wimbo wa watu wanaoagana kituoni ufanane na gwaride, halafu fundi anasema chaguo zuri? Ya tatu ikatuletea vitufe vitatu: Joto, Wazi na Nguvu. Mke wangu akasema dukani kwake mtu akija akaomba dawa ya nguvu, kwanza anaulizwa anaumwa nini. Hapa hakuna aliyeulizwa. Shemeji akabonyeza Nguvu, ikasema chaguo zuri. Nikarudi nikabonyeza Joto, ikasema chaguo zuri. Nina hakika hata paka akipita juu ya simu ataambiwa chaguo zuri.

Mimi mteja akiniletea kitambaa chekundu chenye maua ya njano kwa chumba cha mgonjwa, namwambia ukweli. Tunagombana kidogo, tunakunywa maji, tunaelewana. Fundi asiyebishana ni fundi asiyejali, na ninyi mmetukabidhi kwa mafundi watatu wa namna hiyo.

4. Mliandika kwamba tujihadhari, maana wimbo wenye sauti kubwa zaidi huonekana mzuri zaidi, kwa hiyo tulinganishe sauti kabla ya kuhukumu. Mlidhani kulinganisha sauti katika familia ni jambo dogo? Kila mtu alitaka kushika kitufe yeye. Shemeji akalinganisha Ya Kwanza juu, Mjomba akalinganisha Ya Tatu juu zaidi, na jirani wa ukuta mmoja akatulinganisha wote kwa kuupiga mlango kwa mwiko.

5. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na hapa Mhariri naomba ukae kitako. Hayo mengine ni utani wa ndugu. Hili linaniuma.

Dada alikuja kusikiliza akitoka kazini, bado amevaa skafu ya kituo. Akaketi juu ya jora la kitambaa, akaweka mkoba magotini. Tukampigia Ya Kwanza. Tukampigia Ya Pili. Ya Tatu ilipoisha aliinuka, akachukua pazia la mteja lililokuwa juu ya meza, akalikunja vizuri ingawa lilikuwa limeshakunjwa. Halafu akaniuliza huyo bibi kizee anayeimba ni nani.

Nilidhani ananitania, nikacheka. Katika maisha yangu yote sijawahi kujutia kicheko kama kile.

Akasema mashine hizi tatu hazijuani. Hazikulelewa pamoja wala hazijala meza moja. Na zote tatu, kila moja kwao, zimeleta ushahidi uleule kwamba sauti yake imezeeka: kule juu inapasuka, kule chini inakwaruza, na mwisho wa kila mstari kuna pumzi ambayo zamani haikuwapo. Shahidi mmoja unaweza kumkana, akasema, lakini watatu?

Familia ikajitahidi kumfariji, na ingekuwa heri tungenyamaza. Shemeji akasema kwa upole kwamba hiyo ni sauti ya mtu mzima, na jioni hiyo akala peke yake. Mjomba, kwa nia njema kabisa, akamkumbusha kwamba ng'ombe hazeeki maini. Dada akataka kujua hapo yeye ni ng'ombe au ni maini, na Mjomba hadi leo hajapata jibu lenye usalama. Mke wangu alifungua tu mkoba akampa peremende za koo. Lo! Dada alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazirudisha mezani moja moja, akaenda zake.

Tangu siku hiyo haimbi. Hata ule mlio mdogo wa pua aliokuwa nao akiosha vyombo haupo. Amesema wimbo tuufute, au tutafute msichana mwingine auimbe, naye atatusikiliza kutoka nyumbani kama watu wengine. Mhariri, huyu ndiye aliyenifundisha kuimba kabla sijajua kufunga viatu. Bendi bila yeye ni wanaume watatu na mfamasia wanaopiga kelele kwenye chumba cha mapazia.

Na usiniambie kwamba huenda kweli sauti imezeeka. Ninao ushahidi. Ule wimbo wa asili, ambao haujaguswa na mashine yoyote, ninao kwenye kompyuta yangu. Baada ya Dada kuondoka nilifunga mlango, nikaketi katikati ya vitambaa nikausikiliza peke yangu, na nakuapia, humo ndani kuna msichana! Sauti ni laini, haina mkwaruzo, haina mpasuko. Nilimsikia Dada yule aliyekuwa akiniita nirudi nyumbani nikiwa nacheza mbali, jina langu likivuka uwanja mzima na kunifikia likiwa zima. Nililia, nasema wazi. Nilimwomba aje aisikilize hiyo ya asili ajue kilichoibwa. Akakataa, akasema hana haja ya kuonyeshwa picha za ujana wake.

Kwa hiyo jambo liko wazi kama mchana. Tulizipa mashine binti, zikaturudishia bibi.

6. Madhara yamevuka mipaka ya familia. Dada ameomba ahamishiwe idara ya mizigo, ambako hakuna anayehitajika kusema zaidi ya "weka hapa". Mahali pake kwenye maikrofoni amewekwa mlinzi wa geti, kijana mwema lakini mwenye sauti ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Majina ya miji yote akiyataja yeye yanakuwa mji mmoja. Matokeo yake ni kwamba timu ya mpira ya wazee wastaafu ilipanda basi lisilo lao, ikafika mji ambao haukuwa na mpinzani, ikasubiri uwanjani muda wa kutosha, ikarudi ikijitangaza mshindi. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumsalimia mkwewe alifika kwa mkwe wa mtu mwingine, akapokelewa vizuri, akapewa chumba chenye feni, na sasa amewaandikia watoto wake kwamba harudi. Mkwe wake halisi amekuja kituoni kudai mama mkwe wake, na kituo hakina pa kumtoa.

7. Kutokana na hayo, Ndugu Mhariri, naomba tufuate mantiki pamoja, taratibu, bila hasira. Msingeandika makala, nisingetuma wimbo. Nisingetuma wimbo, mashine zisingemzeesha Dada. Dada asingezeeka, asingehamia kwenye mizigo. Asingehamia kwenye mizigo, wale wazee wangecheza mpira wao wakafungwa kama kawaida, na yule mama angekuwa kwa mkwewe mwenyewe. Kwa hiyo anayewapoteza abiria wa mji huu ni wewe, ukiwa umekaa ofisini kwako na kikombe cha kahawa. Sikulaumu. Nakueleza tu ulichokifanya.

Baada ya kutafakari kwa kina, na kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kupendekeza dawa, naomba yafuatayo:

Kwanza, mumwombe radhi Dada yangu kwenye ukurasa wenu wa mbele, kwa herufi kubwa, na mtumie neno "binti" mahali panapostahili.

Pili, mashine zote tatu ziitwe zije zikae na ukoo wetu tuzungumze. Kama haziwezi kutembea, waje waliozitengeneza. Tutawapa viti, tutawapa chai, na kila mmoja ataeleza alichomfanyia dada yetu na kwa idhini ya nani. Wakijibu "chaguo zuri", Mjomba ana bisibisi.

Tatu, sauti irudishwe katika hali iliyotolewa. Mimi pazia likibakiza kipande cha kitambaa, hata kiwe cha kufutia miwani, namrudishia mteja kwenye bahasha. Sauti ya mtu ni zaidi ya kitambaa. Na mashine ya pili irudishe besi.

Nne, mpaka hayo yatakapotimizwa, wewe mwenyewe Mhariri uje utangaze mabasi. Mabasi ya alfajiri ndiyo magumu zaidi, lakini nina imani na wewe, maana ukurasa wako huwa unaelezea mambo vizuri sana. Malazi yapo hapa karakana, na kwa giza la usingizi hakuna hoteli itakayonishinda mimi fundi mapazia.

Sina mengi zaidi. Nisalimie wahariri wenzako, mpiga picha wenu, yule anayepanga kurasa, na mlinzi wa mlangoni kwenu ambaye huenda anajua kutamka majina ya miji. Wasalimie mama watoto wako na watoto, na kama una dada, msalimie kwa namna ya pekee na umwambie anaimba vizuri. Shemeji anakusalimu. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama unalala vizuri. Mjomba amesema hakusalimu mpaka aione besi yake, lakini namjua, anakusalimu.

Ni mimi, kwa uchungu na heshima zote,

Fundi Mapazia,
mpiga gitaa wa Pazia Zito na mdogo wake mtangazaji wa mabasi.

Nyongeza:

Ndugu Mhariri, barua ilikuwa tayari kwenye bahasha. Mke wangu akaomba aisome kwanza, kwa kuwa amezoea kusoma maandishi ya madaktari na hakuna mwandiko unaomshinda. Alicheka sana, ila akafika pale ninapoeleza nilivyotuma wimbo, akaacha kucheka. Akaniuliza: ulipozituma zile nakala tatu, zilirudije?

Nikamjibu kwamba zilirudi kama kitu chochote kinavyorudi. Suruali ikienda kwa mtia rangi, hurudi suruali ileile, imebadilika rangi. Nilipewa taarifa kwamba kazi imekamilika, nikafungua nakala zangu. Aliniangalia kwa lile jicho analowaangalia wateja waliokunywa dawa ya kuchua.

Akafungua baruapepe yangu. Ule ujumbe kutoka kote kutatu, ambao mimi nilisoma kichwa cha habari tu nikafurahi, ulikuwa na maelezo chini yake: nyimbo zako ziko tayari, bonyeza hapa uzipakue. Hakuna aliyebonyeza. Ziko huko huko hadi sasa, zimepigwa pasi, zimekunjwa, zinamsubiri mwenyewe. Nilichotuma ni nakala, na zilizobaki kwenye simu ni nakala zilezile, hazijaguswa na mtu. Ya Kwanza, Ya Pili, Ya Tatu na ile ya asili niliyoililia ni wimbo mmoja. Tumegombana mpaka kwenye mzunguko wa barabara kuhusu wimbo mmoja! Besi ya Mjomba haijaibwa na mtu. Redio ya jikoni ina spika ya ukubwa wa kifuniko cha soda, haijawahi kutoa besi tangu itoke dukani.

Mjomba na shemeji walicheka mpaka jirani akaja tena na mwiko. Mimi sikuweza, kwa sababu nilielewa haraka kilichobaki. Mimi nilikuwa na mashine za kulaumu. Sasa sina. Ile sauti aliyoisikia ni yake.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia, huko kwenye mizigo. Alinisikiliza akiwa ameshika lebo ya sanduku la mtu. Halafu akaniuliza, kwenye ile uliyosikiliza peke yako, ulisikia nini? Nikamwambia: nilikusikia ukiniita nyumbani. Akauliza: na kwenye zile tatu, ulisikia nini? Mhariri, dada mkubwa hadanganywi. Nikamwambia ukweli, kwamba kwenye zile tatu nilikuwa nasikiliza gitaa langu.

Alicheka! Alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku la watu. Akaomba simu, akaweka wimbo sikioni, akausikiliza mpaka mwisho akitazama mabasi. Akasema mpasuko upo, mkwaruzo upo, na ile pumzi ipo, na zote ni zake, amezipata kwa kuwaita watu miaka yote hii wasiachwe na basi. Akasema hata hivyo ubeti wa pili aliingia kabla ya wakati, tuurudie, na wewe mtoto utulize hilo gitaa. Nilipokuwa natoka kituoni nilisikia vipaza vikikohoa juu ya paa, halafu basi la mchana likatangazwa, kila neno mahali pake. Watu wote uwanjani waliinua vichwa. Yule mlinzi wa geti alipiga makofi peke yake.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, kuanzia la kwanza hadi la saba, ila lile la "chaguo zuri" naomba libaki. Salamu nazo zibaki. Kutangaza mabasi huhitajiki tena, lakini kitanda bado kipo.

Kesho tunazipakua zile tatu za kweli. Dada ametoa sharti: tuzisikilize macho yamefungwa, bila kuambiwa ipi ni ipi, na yetu isiyoguswa iwekwe katikati yao. Itakayomgusa ndiyo tutakayoichagua, iwe ya mashine au ya kwetu. Mimi nimeshaapa mbele ya familia nzima kwamba sauti ya dada yangu ikiwa tupu, bila pasi, nitaitambua kwa neno la kwanza. Mke wangu ameniuliza kama nina hakika. Niombee, Mhariri.